Bakuli la Omena

Nakaanga omena, dagaa wa ziwani, katika nyumba ya kupanga ya likizo, mbali na kwetu, na harufu yake inanirudisha mpakani Busia, mikononi nimekumbatia jiko la mafuta ya taa lililofungwa kwa leso.

Tulikuwa tunaenda kutembea Jinja, ng'ambo ya mpaka. Hoteli zingetumaliza, mama alisema, kwa hivyo alibeba karibu kila kitu cha jikoni: sufuria, mwiko, unga, omena ya Port Victoria.

"Mama, mnahama?" askari akauliza.

"Tunaenda likizo, boss. Lakini tumbo halina likizo."

Foleni nzima ikacheka. Nilitamani ardhi inimeze.

Jioni, katika nyumba tuliyopanga Jinja, kabla hatujaonja, mama alijaza bakuli omena akampelekea mama mwenye nyumba.

"Si ulisema tubane matumizi?" baba akanung'unika.

"Kwetu bakuli halirudi tupu. Ngoja tuone kama na hapa ni hivyo."

Lilirudi limejaa matoke na mchuzi wa njugu, na mwenye nyumba mwenyewe akaketi kula nasi.

Sasa omena imeiva. Nimejaza bakuli, nimebisha mlango wa jirani. Lugha yake siijui. Nasikia hatua zikija.