Bugali wa Moto kwa Watu wa Blogu

Mwalimu wetu wa kompyuta ndiye aliyeanza yote. Shuleni kwetu Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda, kulikuwa na chumba kimoja chenye kompyuta chache za umeme wa jua, na humo alitufundisha kuandika mambo yetu kwenye blogu ya shule. Wenzangu waliandika juu ya mpira na nyimbo. Mimi niliandika jinsi mama anavyopika sombe, kuanzia kuchuma majani ya muhogo na kuyatwanga mpaka yanapoiva na kuacha kunuka ubichi. Niliandika kirefu, maana katika kuandika sina haya. Kusema ndiyo taabu. Darasani nikiulizwa swali ninalolijua, nilikuwa naandika jibu kwenye kikaratasi na kumsukumia jirani yangu wa dawati. Yeye ndiye aliyelisema, na makofi alipigiwa yeye.

Siku moja mwalimu akaniita. Kuna mama mmoja wa Mbarara, akasema, amesoma ile ya sombe. Anaandaa mkutano wa watu wa blogu, wale wanaoandika juu ya vyakula na safari, na anataka mama yangu awapikie chakula cha mchana. Na mimi niseme maneno machache kabla hawajala.

Habari ya kupika nilimfikishia mama. Ile ya kusema niliiacha njiani.

Mama alisikiliza mpaka mwisho huku akipepeta unga, kisha akasema, "Hapana."

Nilijua kwa nini. Tulipokuwa wageni Uganda, alijaribu kuuza chakula kule Ruti, kando ya barabara ya Kabale, penye malori. Mteja wake wa kwanza asiye Mkongomani aliagiza bugali wa muhogo, halafu simu yake ikalia. Akaongea, akacheka, akaongea tena. Sasa, bugali wa muhogo haungoji mtu. Ukitoka jikoni ni laini, unavutika, unateleza na mboga. Ukiachwa unafunga ngozi juu, na baada ya hapo ni mpira. Yule bwana alipomaliza simu yake aliubonyeza kwa kidole, akaisukuma sahani. "Nyabo, hii ni chakula ama gundi?" Benchi zima likacheka. Mama alifungasha sufuria zake, na tangu siku ile hakupikia tena mtu yeyote ambaye si wa kwetu Kivu.

"Batu ba mujini habajue bugali," aliniambia. "Batautazama tu mpaka upowe."

Aliyembadilisha ni yule mama wa Mbarara mwenyewe, kwa simu ya mwalimu. Mwalimu aliiweka sauti juu, tukasikia sote.

"Maama, mimi mtoto ya barracks. Baba yangu askari, mama yangu alizaa sisi wote ndani ya barracks hapa Mbarara. Mimi nakula kila kitu. Wewe kuja, pika vile unapikia watu yako. Hapana ogopa."

Mama aliziba mdomo kwa kitambaa asicheke. "Anasema kama askari wa bariyeri ya njiani," alininong'oneza, "lakini ana roho ya muzuri." Kisha akainama kwenye simu na kupaza sauti, kama watu wetu wanavyofanya wakiamini kwamba Mbarara ni mbali: "Nitapika! Lakini bakule ukiwa moto!"

"Moto kabisa, Maama! Amri ni amri!"

Tulikwenda na gari la maziwa lililokuwa linatoka Endiinzi, mama mbele na dereva, unga wake wa muhogo juu ya mapaja kama mtoto. Muhogo ule aliulowesha, akauanika na kuutwanga mwenyewe. Mwiko pia alibeba wake, maana hakuamini kwamba hoteli inaweza kuwa na mwiko wa kweli.

Mkutano ulikuwa kwenye bustani ya hoteli, chini ya hema jeupe. Nilidhani nitakuta watu wa kuringa. Nilikuta watu wanaokula kwa makini kuliko watu wote niliowahi kuwaona. Kulikuwa na bwana mmoja kutoka Kampala aliyesimama kwenye maikrofoni akazungumzia rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai ndani, nusu saa nzima, na hakuna aliyemcheka. Alieleza mlio wa mafuta. Alieleza kwa nini kitunguu kikatwe chembamba. Mimi nimekula rolex mara nyingi na sikuwahi kuisikia inalia. Kulikuwa na dada mmoja wa Nairobi, mwenye nywele ndefu za kusuka, aliyeonja eshabwe ya Wanyankole, ule mchuzi mweupe wa samli, akafumba macho, akaonja tena, ndipo akamuuliza mpishi swali. Alimuuliza polepole na kwa heshima, kama mtu anayemwuliza mzee wa kanisa habari za zamani. Niliwatazama nikajisemea kwamba kumbe kuna watu wanaofanya hadharani kile ninachokifanya mimi kwa kujificha.

Na mwenyeji wetu, yule mtoto wa barracks, alikuwa mama mnene wa viatu vyekundu, akitembea upesi na kuamrisha kila mtu, na kila mtu alitii huku akicheka. Alinikuta nyuma ya jiko.

"Wewe ndiyo uliandika ile ya sombe?"

Niliitika kwa kichwa.

"Banange! Unaandika kubwa namna hiyo na mwili kidogo namna hii? Sasa utasimama useme kidogo, sindiyo?"

Nilitazama viatu vyake. Nadhani niliviangalia mpaka akanionea huruma.

"Sawa. Wacha mdomo ipumzike. Unajua kunawisha watu mikono?"

Hilo nalijua. Nyumbani ndiyo kazi yangu wageni wakija. Nikapewa birika na beseni, nikapita meza kwa meza nikimimina maji ya vuguvugu juu ya mikono ya watu wenye blogu. Walikuwa wamekaa upande mmoja wa meza zile ndefu, wote wakiangalia maikrofoni, kwa hiyo migongo yao ilielekea jikoni. Naeleza hivi kwa sababu bila hivyo hamtaelewa kilichompata mama.

Bugali ukatoka. Mama aliukoroga mpaka shingo ikamtoka jasho, akaufinyanga madonge, na wahudumu wakazipeleka sahani mbio kama alivyowaagiza: bugali, sombe, na dagaa ambao huku wanaitwa mukene. Mvuke ulikuwa unapanda mezani kote. Mama akaja kusimama mlangoni pa jiko, mwiko mkononi, aone.

Watu wa blogu wakainama wote pamoja. Kimya. Kila mmoja ameshika simu kwa mikono miwili, juu ya sahani, anatafuta picha. Mmoja anageuza sahani kidogo, mwingine anasogeza bilauri. Yule dada wa Nairobi aliibeba sahani yake mpaka kwenye majani, penye mwanga, akapiga magoti mbele yake. Hata mtoto wa barracks alikuwa ameinama.

Mimi, upande wa mbele na beseni langu, niliziona simu. Mama aliiona migongo tu: watu wengi wameinamisha vichwa, mikono imekutana kifuani, hakuna anayenong'ona, na mmoja yuko magotini kabisa. Asubuhi alikuwa amesikia mkutano ukifunguliwa kwa sala. Basi mama akakaza kitambaa chake kichwani, akafumba macho, akainama pia.

Katika kanisa letu maombi hayakatizwi, hata chungu kiungue. Nilijua mama hatasema neno. Angesimama pale mpaka mvuke wa mwisho uishe, kwa heshima ya Mungu na ya watu wake, halafu bugali wake ungesukumwa mbele ya macho yake kama kule Ruti.

Niliutazama ule mvuke. Mwanzo ulikuwa unapanda wima, sasa umekuwa uzi. Kwenye sahani iliyokuwa karibu nami bugali ulianza kupoteza mng'ao. Nilitaka kumwambia mtu, kuleni jamani, lakini ulimi ulikuwa umelala, na hakukuwa na wa kumsukumia kikaratasi. Na tena, kuwaambia wakubwa waache simu zao wale, ningeanzaje?

Neno lililotoka sikulichagua. Lilitoka kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

"AMINA!"

"Amina!" wakaitika wote, kwa mazoea, maana nani asiyekwenda kanisani huku? Vichwa vikainuka. Kicheko kikapita meza hadi meza, simu zikawekwa chini, na mikono niliyoinawisha ikaingia kwenye bugali.

Na ulivutika! Bwana wa rolex alikata tonge, akaliviringisha, akalichovya, akalimeza. Akakata lingine. "Huu unateleza wenyewe," alisema kwa jirani yake, na jirani hakumjibu, mdomo ulikuwa umejaa.

Mama alikuja kwangu na mwiko wake, amekunja uso. "Ni weye ulifunga maombi ya bakubwa? Nani alikutuma?"

Sauti ilikuwa imerudi ilikokaa.

"Maama, hapana gombeza huyu," akasema mtoto wa barracks, sombe kwenye kidole. Alikuwa ameangalia mlangoni, akamwangalia mama na kile kitambaa kilichokazwa, akaniangalia mimi, na nikaona ameelewa yote. Uso wake haukucheka hata kidogo. "Sisi tulichelewa kumaliza. Huyu alitusaidia."

Mama alilegea. "Ni kweli, muliomba murefu," alisema. "Hata mie nilikuwa minaomba pale: Bwana, ubafupishie."

Sahani zilirudi jikoni, na mama alizikagua moja moja. Zilikuwa zimefutwa kwa vidole. Kisha ikaja moja yenye donge zima, limefunga ngozi, halijaguswa. Mama aliishika muda mrefu. Niliona bega lake likishuka, nikajua yuko Ruti.

Nyuma ya sahani alikuja dada wa Nairobi, mbio, nyasi zimemganda magotini.

"Mama, samahani sana, hiyo ni yangu. Nilichelewa huko nje ikawa baridi. Wenzangu wananiambia nimekosa kitu. Naweza kupata ingine, hata kidogo?"

Mama alimtazama kuanzia nywele mpaka yale magoti. Aliyaangalia magoti zaidi. Kisha akarudisha sufuria motoni.

"Weye uliomba kupita benzako bote," alisema, akikoroga.

"Niliomba?" Dada akanigeukia.

Nilikuwa naweza kunyamaza. Nilioneshea kidole simu yake, kisha mgongo wangu, nikainama na kuunganisha mikono kama walivyokuwa. "Alikuwa anawaona kwa nyuma," nilisema. Hiyo ilikuwa sentensi yangu ya pekee katika mkutano mzima.

Dada alishika mdomo. Macho yalimjaa maji ya kicheko, lakini hakukitoa. "Kweli, mama," alisema. "Niliomba sana."

Mama akaweka mbele yake donge jipya, linatoa mvuke. Mkono wa dada ukaanza kwenda mfukoni kutafuta simu, na mama akauwahi kwa mwiko, akaugusa kidogo tu.

"Hii usiombee tena. Niliisha kuiombea. Kula."