Kijaluba cha mama kliniki

Jamani, mama yangu kanishinda.

Leo nimempeleka kliniki aache tumbaku anayotia kwenye tambuu, maana kidonda cha ndani ya shavu hakiponi.

Wakammulika masikio kwa leza, ati inapunguza hamu ya tumbaku, wala hakusikia maumivu. Kisha mshauri, binti wa hapahapa Ngamiani, akazungumza naye kwa upole mpaka mama akalia. Akaahidi kuacha.

Nikashusha pumzi.

Mama akafuta machozi, akafungua kijaluba, kile kikopo chake cha tambuu, akamkunjia binti tambuu.

"Pokea mwanangu, sina kingine cha kukupa."

Binti akanitazama. Mimi nikatazama sakafu. Tambuu ya mtu mzima unaikataaje?

Akapokea kwa mikono miwili, akatafuna.

Mama naye akajikunjia yake, na tumbaku ndani, ati binti asitafune peke yake.

Nyie mngesemaje hapo?