Leseni Yenye Sharubu

Leseni niliyopewa ilikuwa na jina langu, tarehe yangu ya kuzaliwa, na uso wa mwanaume mwenye sharubu. Niliigeuza, nikaigeuza tena, nikidhani nimepewa ya mtu. Jina lilikuwa langu. Jamani, mimi na sharubu wapi na wapi?

Nyumbani Lipangalala walicheka mpaka wakakaa chini. Mume wangu akawa ananiamkia kila asubuhi, shikamoo mzee. Mimi sikucheka. Sista mkuu wa shule ya chekechea pale Viwanja Sitini alikuwa amekubali niendeshe gari la watoto, ila alitaka leseni yenye sura yangu kabla shule hazijafunguliwa. Nikichelewa, kazi anapewa mwingine, nami nabaki na jembe kwenye mpunga wetu kule Michenga. Mgongo wangu ulishachoka kuinama.

Nikarudi ofisi ya leseni. Kijana wa dirishani akaitazama kadi, akanitazama mimi, akasema mtambo umekosea, kwa hiyo tunaanza upya: picha, saini, alama za vidole. Picha ikakubali. Vidole vikagoma. Nikaambiwa nikanawe, nikanawa. Nikaambiwa nibonyeze kwa nguvu, kisha taratibu. Taa ikawa inawaka nyekundu tu, na foleni nyuma yangu ikaanza kuguna. Kijana akanipapasa kiganja, akasema alama zimelika kwa jembe. Nikae wiki mbili bila kulishika, nipake mafuta, halafu nirudi.

"Mwanangu," nikamwambia, "hiyo leseni naitafuta ili niache jembe. Sasa niache jembe kwanza ndipo niipate?"

Akasema mfumo ndivyo ulivyo. Nilikasirika hadi machozi. Wakosee wao, nihangaike mimi! Na palizi je? Majani ya shambani hayajui mfumo.

Mama yangu alichukua jembe langu, akaenda Michenga, akapalilia sehemu yake na yangu. Mimi nikakaa barazani na mafuta ya nazi mikononi kama bibi harusi, nina hasira, nina aibu, na sufuria nimekatazwa kuosha.

Niliporudi ofisini, taa ikawaka kijani. Leseni ikatoka na sura yangu, shule zikiwa karibu kufunguliwa, na sista akanikabidhi ufunguo.

Mshahara wa kwanza nikamnunulia mama simu, tukaenda kusajili laini. Binti wa laini akamwambia aweke kidole. Nyekundu. Akaweka kingine, nyekundu. Vikaisha vyote. Binti akamwambia kwa heshima kwamba bibi aipumzishe mikono kwanza, asishike jembe.

Mama akavitazama vidole vyake, kisha akanigeukia.

"Nikipumzika mimi, anapalilia nani?"

Jumamosi iliyofuata nilikuwa Michenga, nimeshika jembe lake. Leseni ninayo, vidole na vilike tena.