Majina Chini ya Bitana

Mimi askari siwaamini, na sioni haya kusema. Kwetu Bukavu walikuja na karatasi ya majina, wakasoma jina la kaka yangu, wakaondoka naye. Basi binti yangu, mzaliwa wa hapa Johannesburg, aliponiambia amejiunga na kikosi cha akiba, wale askari wa kujitolea wa mwisho wa wiki, nilisimamisha cherehani.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, Papa. Ni kikosi cha zamani, kina historia yake."

Historia! Ya nani? Vita vya wazungu, wewe unavitakia nini? Akacheka, eti siku hizi mkubwa wao ni mama wa Soweto. Mimi sikucheka. Wiki nzima nilikuwa nachungulia begi lake.

Ijumaa akaniletea koti la gwaride la Jumapili, nilipunguze kiuno. Koti la kurithishana, zito. Nikafumua bitana kwa wembe. Mungu wangu! Chini yake vitambaa vidogo kumi na kimoja, kila kimoja kimeshonwa jina: kwanza majina ya kizungu, kisha ya Kizulu na Kisotho. Kimoja tu kilikuwa kitupu.

Orodha tena. Nilijua hicho kitupu kinamngoja nani. Nikavikata vyote, nikavitupa kwenye gunia la mabaki, nikafunga bitana. Nikajiona nimemwokoa mwanangu.

Jumamosi akalijaribu, akapapasa ndani, akaketi sakafuni.

"Papa, majina yako wapi?"

Nikamwambia. Afadhali angenifokea. Alilia, halafu akanieleza: kila aliyelivaa koti hushona jina lake siku ya kulivua, umemaliza utumishi, umerudi kwenu mzima. Yule wa kitambaa kitupu hakurudi, ndiyo maana wenzake walimshonea kitambaa bila jina, kumwekea nafasi yake.

Eish, nilijichukia. Nikamwaga gunia lote sakafuni, tukatafuta pamoja hadi tukavipata vyote. Matundu ya sindano ya zamani yalinionyesha kila kimoja kilipokuwa. Kile kitupu nilikiacha mwisho. Nilikishika muda mrefu. Kaka yangu hakuna aliyemshonea hata hicho.

Nilipomaliza nikamkabidhi koti lake. Bado siwaamini, nikamwambia, lakini siku ya kulivua ulilete hapa, jina lako ulishone mbele ya macho yangu. Umesikia?

"Nimesikia, Papa."