Bei ya Leo

Muuza pikipiki hufuta bei ya wino kwenye kibao cheupe kwa kidole gumba, hata kidole kimekuwa cheusi kama cha fundi. Yangu ya kusambazia mikate imekufa, wateja wananikimbia, na mara tatu nimemfuata dukani kuulizia pikipiki ileile moja. Mara tatu amefuta na kupandisha, akiguna kama anayeng'olewa jino.

"Juzi haikuwa hivi! Unanikomoa?"

"Mzee wangu, bei inatoka juu."

"Basi huyo wa juu aje anibebee mikate!"

Hakucheka; aliweka mkono wa kulia juu ya tangi la pikipiki. "Mimi mwenyewe naidundulizia hiyohiyo, mwaka wa tatu. Kila nikikaribia, naambiwa nifute."

Nilikuwa nimekuja kuomba punguzo. Nikalipa bei nzima. Ufunguo alinipa kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa bado juu ya tangi.