Siku Mama Aliporudi kutoka Mjini

Jana, katika duka moja Mlandege, harufu ya kamba za makumbi ilinisimamisha.

Siku ile ya utoto wangu, kwetu kaskazini, bibi alikuwa pwani akiponda makumbi ya nazi, nami situlii. Nakwenda barabarani, narudi, nakwenda tena. Mama alipelekwa hospitali mjini kujifungua, na mimi nilitaka kumwona mtoto kabla ya watu wote.

"Kaa kitako, mwanangu," bibi akasema. "Nshakwambia, gari itakuja."

Ilikuja alasiri. Mama alishuka polepole, mikono mitupu. Bibi akanishika bega.

"Mwamkie mama yako. Usimuulize kitu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akaketi palepale mchangani, akanivuta magotini, akaanza kuzifumua nywele alizonisuka bibi asubuhi ile, ili anisuke yeye.