Koti la Rubani

Siku yangu ya kwanza kazini, katika duka la kurekebisha nguo pale Vällingby, msimamizi alinikabidhi suruali na futi ya kupimia. "Acha kitambaa cha akiba ndani ya mshono," alisema. "Watu hunenepa." Miaka ya elfu mbili ndiyo kwanza ilikuwa imeanza, na Kiswidi changu kiliishia kwenye sindano na uzi.

Baadaye nilihamia Märsta, kwenye karakana ya sare za wafanyakazi wa ndege. Mpiga pasi wetu alikuwa Deo, Mkongo wa Bukavu. Ukutani kwake alikuwa amebandika picha ya Neema, mchumba wake wa tangu kambi ya wakimbizi, amesimama mbele ya jumba jeupe. Neema alipelekwa Amerika, Deo akaletwa huku. Miaka tisa hakutazama mwanamke mwingine. Alipiga pasi huku akiiongelesha picha.

Siku moja alileta koti la rubani lililotupwa kwa kuchakaa viwiko.

"Mama Wambui, unipunguzie mabega. Ni la picha tu. Mwenye nyumba kama ile ataolewaje na mpiga pasi?"

Nilijua ni uongo. Hata hivyo nilifumua mabega, nikatia viraka visivyoonekana, nikashona upya ile mistari ya dhahabu ya mikononi. Tena niliifurahia kazi hiyo.

Picha ikatumwa, na Neema akaja. Deo alikwenda kumpokea uwanja wa ndege amevaa koti lile, mimi nikamsindikiza. Mlinzi akamdai kitambulisho cha rubani mbele ya mgeni wake. Deo akapapasa mifuko mitupu. Neema hakucheka. Alimshika mkono akasema polepole, "Hata mimi, Deo. Ile nyumba si yangu. Ninaisafisha."

Nilidhani watakumbatiana. Deo aliuchomoa mkono wake, akaondoka.

Neema alikaa kwangu Norsborg wiki mbili. Kila asubuhi alivaa vizuri akakaa dirishani. Deo hakutokea, wala simu hakupokea. Neema akarudi alikotoka.

Mlinzi alikuwa ameripoti lile koti; mkuu wa karakana akalichukua, akatuita. "Nani alishona koti hili?"

"Mimi mwenyewe," Deo akajibu.

Mkuu akageuza bega ndani nje. "Huu ni mkono wa fundi," alisema, akinitazama. Nikainamisha kichwa, nikanyamaza. Deo akafukuzwa siku hiyohiyo.

Nimestaafu sasa, lakini mikono haitulii. Nafumua hata mapazia yasiyo na kasoro. Vijana huniuliza kuhusu mishono, nami huwafundisha. Kuhusu ule ukimya sijui niwafundishe nini. Majuzi nilimkuta Deo kituoni Märsta, mvi kichwani, kitabu cha Kiingereza mkononi. Nikasema nimpe nilichomnyima miaka yote.

"Deo, nisamehe. Nilipaswa kusema ukweli siku ile."

"Yamepita, Mama. Karibuni nitaenda Amerika. Neema ananingoja."

"Neema alikuja, Deo. Ulimwona."

Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyechanganyikiwa.

"Yule? Yule alikuwa mfanyakazi wake."